Uzito Upande wa Kushoto

Mwisenge, Musoma
8 Februari 1987

Kwa Shangazi Bhoke, Mugeta

Shikamoo Shangazi. Bwana asifiwe. Hapa kwangu tuko wazima, ukiacha mafua ya watoto na kelele za mama yao. Dorkas ameanza kuuza mitumba kule Nyakato, na nyumba nzima sasa inanuka dawa ya nondo. Zamani tulikuwa na hela, sabuni hakuna. Siku hizi sabuni imejaa madukani inatuangalia tu tunavyopita. Nipe habari za mwanao Mhoja na ng'ombe, na kama mvua imefika.

Shangazi, nina neno moja linanisumbua tangu Krismasi. Siku ile kabla sijaondoka, Baba aliniita kando ya zizi akaniambia, "Miaka yote naendaga porini na watoto wa wenzangu. Mwaka huu msimu ukifunguliwa twende mimi na wewe." Mzee Makongoro, mkubwa wao wa windo, alikuwa amesimama pale. Akalitazama tumbo langu, akasema, "Huyu tutamwinda yeye."

Nilicheka, lakini ndani niliumia. Nilipelekwa shule ya bweni nikiwa mdogo, sikuwahi kwenda porini na Baba hata siku moja, na sasa ananiita nina miaka arobaini na kitambi cha karani wa stoo. Ngazi za ghalani zinanitoa jasho. Nikikaa nasimama, nikisimama nakaa. Dorkas anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nimeamua kununua kifaa cha mazoezi nikiweke nyumbani, maana nikikimbia barabarani mtaa mzima utauliza nani ananikimbiza. Viko viwili. Kuna Mzungu wa mradi wa maji anafungasha kurudi kwao, anauza baiskeli ya mazoezi. Haitembei. Unaikalia sebuleni, unakanyaga, na kisahani mbele kinakuonyesha umeshakwenda maili ngapi. Kifaa cha pili ni springi, zimeletwa na duka moja hapa mjini kupitia Sirari. Unashika huku na huku, unavuta, kifua kinafunguka. Vyote viwili siwezi. Wewe umeishi na wawindaji tangu kuzaliwa: babu, Baba, na marehemu mumeo. Kipi kitanifaa?

Tafadhali usimwambie Baba kwamba nimeuliza.

Mwanao,
Werema Keraryo


Mugeta
1 Machi 1987

Mwanangu Werema,

Marahaba baba. Bwana asifiwe sana. Mkono huu ni wangu mwenyewe, wa kisomo cha watu wazima, kwa hiyo herufi zikipanda mlima wewe zifuate tu. Mtama umeota vizuri. Ng'ombe mwekundu amezaa. Mhoja wangu bado hajaoa, na kila nikimwuliza anakwenda kuchota maji hata kama mtungi umejaa. Baba yako anakusalimu. Anakula na analala.

Habari ya baiskeli nilimsomea Mhoja, akacheka mpaka akakaa chini. Yaani unakanyaga tangu asubuhi, jioni unashuka palepale ulipopandia? Werema, sisi dhiki tumeiona. Tumekula mizizi mwaka wa njaa, tumevaa magunia. Lakini baiskeli isiyokwenda popote, huko hatujafika. Na hizo springi za kufungua kifua, unataka umwonyeshe nani? Nyumbu haogopi kifua.

Sasa nisikilize. Mbio si zako. Nyumbu hakimbizwi na mtu yeyote, hata Mhoja hamkimbizi; anangojwa. Kazi yako wewe itakuwa kubeba. Chukua gunia, tia mchanga, mkeo alishone mdomo. Libebe mgongoni, sio kichwani wala begani. Mgongoni kabisa, kama mama anavyobeba mtoto. Na upande wa kushoto uwe mzito kuliko wa kulia. Ukizoea gunia lililokaa sawa utakuwa hujajifunza kitu. Usiniulize kwa nini. Fanya.

Na usije huku kabla ya Julai. Njia imeharibika, na ukija utatumalizia chakula bure na tumbo libaki lilelile.

Shangazi yako,
Bhoke


Mwisenge, Musoma
22 Machi 1987

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia wiki iliyopita tu. Lori la pamba la Thadeo lilikatika ekseli, likalala Butiama zaidi ya wiki pamoja na barua zetu zote. Watoto wamepona mafua, sasa wana upele. Kazini kuna watu wageni wanapitapita na makaratasi, wanahesabu viti na watu. Ukiwauliza wanahesabu nini wanasema ni kawaida.

Usicheke, lakini baiskeli niliinunua kabla barua yako haijafika. Sikuweza kungoja. Nilikuwa nikitoka kazini naikalia na suruali ya ofisini, watoto wamezunguka kisahani wanatangaza, "Baba amefika Bunda! Baba amepita Bunda!" Siku ya sita mkanda wake ukakatika, na mkanda kama ule hauko Musoma wala Mwanza. Sasa Dorkas anatundika makoti ya mitumba juu yake, anasema ni kifaa kizuri sana, nimletee kingine.

Nikabadilishana saa yangu ya mkono na springi. Hizo nazo zinanyonyoa nywele za kifua kila zikirudi. Nimezifunga kwenye kitambaa na kumpa kondakta wa basi amletee Baba. Mwambie ni zawadi tu, anyooshe mikono yake ya uzee.

Basi nikarudi kwenye gunia lako. Nimelijaza kama ulivyosema, kushoto kuzito, nalibeba kutoka nyumbani mpaka ziwani na kurudi. Jumanne mgambo alinisimamisha akidhani ni sukari ya magendo. Alipofungua akakuta mchanga alikasirika zaidi. Ikabidi nimweleze habari ya windo, naye akaniuliza kwa nini natembea nimeegama upande mmoja. Shangazi, kwa nini kushoto? Nyama haiwezi kupangwa sawasawa?

Na Baba anasemaje? Nimemwandikia mara mbili tangu Krismasi hajanijibu. Najua hapendi kuandika, lakini alikuwa anamwambia Mhoja amwandikie.

Mwanao,
Werema


Mugeta
19 Aprili 1987, Pasaka

Mwanangu,

Amefufuka. Leo kanisani tumeimba mpaka sauti zimekauka, na Mhoja amechinja jogoo. Mvua ni nyingi, daraja dogo limeondoka. Mpe pole Dorkas kwa upele wa watoto. Awaogeshe kwa majani ya mwarobaini, aache dawa za dukani.

Springi zako zilifika. Baba yako amezipenda kuliko nilivyodhani. Nimemfungia upande mmoja kwenye mguu wa kitanda, na upande wa pili anavuta kwa mkono wa kulia tangu asubuhi mpaka jua linapofika mlangoni. Anasema ni kitu cha kwanza cha maana umeleta kutoka mjini.

Mchanga umeshakufundisha mzigo uliokufa. Sasa tafuta unaopumua. Beba mtu. Awe mtu mzima, asikusaidie kushika, aning'inie tu. Mzigo unaopumua una mambo yake: unakohoa, unajigeuza, unakupumulia shingoni. Jifunze huo.

Mengine tutazungumza ukija.

Shangazi yako,
Bhoke


Mwisenge, Musoma
3 Mei 1987

Shangazi,

Shikamoo, na Pasaka njema ingawa imepita. Upele umeisha kwa mwarobaini wako. Dorkas anashukuru.

Nimembeba Dorkas. Alikataa siku mbili, ya tatu akakubali, akasema tangu harusi yetu hajawahi kubebwa na mtu isipokuwa basi. Sasa kila jioni tunazunguka uani. Nikimwambia alegee, anacheka, na mtu anayecheka ni mzito, Shangazi, hashikiki. Jirani yetu Marcelina alichungulia juu ya ukuta akauliza kama mama watoto anaumwa. Dorkas akamjibu kutoka mgongoni, "Siumwi, ninamfundisha kuwinda." Mtaa mzima sasa unatuamkia kwa neno hilo. Lakini kitambi kinapungua, na magoti hayatetemeki tena nikifika mlangoni.

Sasa nakuuliza, na unijibu. Barua yako ya Pasaka nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Kwa nini Baba anavuta springi akiwa kitandani? Baba alikuwa anaamka kabla ya kuku. Na kwa nini mkono wa kulia peke yake? Zile springi ni za mikono miwili, mtu hawezi kukosea. Kwa nini ni wewe uliyemfungia?

Naomba jibu kwa lori hilohilo.

Werema


Mwisenge, Musoma
31 Mei 1987

Shangazi Bhoke,

Shikamoo. Lori la Thadeo limekuja mara tatu bila barua yako. Mara ya tatu nilimkamata yeye mwenyewe, nikamwuliza habari za mzee Keraryo wa Mugeta. Akaanza kukagua matairi.

Sisi hatujambo. Nimeomba likizo nije, wamenikatalia mpaka wamalize kuhesabu. Siku hizi silali, sili vizuri, Dorkas namfokea bila sababu. Kama Baba amekufa niambieni. Mimi si mtoto.

Werema


Mugeta
10 Juni 1987

Mwanangu Werema,

Baba yako yuko hai. Nimeanza na hilo ili uweze kukaa chini na kusoma haya mengine.

Katikati ya Januari aliamka akashindwa kushika kiatu. Alipotaka kuniita, maneno yakatoka yamevurugika. Kiharusi. Mguu wa kushoto na mkono wa kushoto havina kazi. Maneno yamerudi kidogo kidogo, anasikika ukimpa muda. Tulimpeleka misheni, wakatuambia mengine ni ya Mungu. Mhoja ndiye anayembeba kutoka kitandani kwenda uani, na kwenda chooni, na kumrudisha.

Alinikataza kukuandikia. Alisema, "Akijua atakuja na gari la wagonjwa na macho ya huruma. Mimi nilimwambia aje tuwinde." Nikamwuliza, utawindaje, kaka? Akasema, "Ataniinua."

Hapo ndipo ugumu ulipo. Wewe hukukulia hapa, labda hili halikukufikia. Kwenye ukoo wetu mtoto wa kiume habebi baba yake angali hai. Wanasema akimbeba amekwisha kumzika, na mwaka hautaisha mzee akiwa hai. Mhoja ni mpwa, kwake si kitu. Ukiniuliza kama naamini, mimi ni Mkristo. Lakini babu yako alimbeba baba yake kuvuka mto, na mvua zilizofuata hazikumkuta. Kwa hiyo naamini na siamini.

Nilimwendea Makongoro. Alikuja akakaa siku nzima, akala ugali wangu, akanywa maziwa yangu, jioni akasema: "Mtoto hambebi baba. Lakini mwindaji anambebaga mwindaji. Porini hakuna baba, kuna mwenzangu." Yaani ukishakuwa na jina lako kwenye kibali cha kuwinda cha Bwana Nyama wa serikali, na ukaweza kumbeba bila kusaidiwa kama wawindaji wanavyobebana, basi kule unambeba mwenzako. Neno ni moja tu: usimwite Baba. Tangu mnavuka mto mpaka mnarudi, mwite mwenzangu.

Ndiyo sababu ya gunia. Kushoto ndiko anakolemea.

Nimekudanganya kwa miezi mitano, na kila barua iliniuma. Ukitaka kunigombeza, gombeza. Lakini uje. Hana kitu kingine anachokitaka duniani.

Bhoke


Mwisenge, Musoma
17 Juni 1987

Shangazi,

Nimekasirika, siwezi kukuandikia salamu. Miezi mitano Baba amelala mimi nakanyaga baiskeli sebuleni! Watoto wanatangaza nimefika Bunda, kumbe Bunda kweli sikwenda.

Jina langu limeingia kwenye kibali. Nitakuja tarehe moja Julai. Hapa tunavyozungumza nimeongeza mchanga kwenye lile gunia, na Dorkas amekubali kufungwa mkono mmoja asishike kabisa. Halichekeshi tena jambo hili.

Mwambie Baba nimeelewa neno. Mwambie mwenzangu anisubiri.

Werema


Mwisenge, Musoma
2 Agosti 1987

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, watoto wanakusalimu, nyama uliyotufungia tumegawana na majirani, hata Marcelina. Nisamehe kwa kuondoka bila kuaga. Nilikuona unatwanga nikashindwa kuja. Najua Mhoja alikusimulia kwa kifupi, na Baba hakukusimulia kabisa. Nakuandikia ujue yote.

Tulipovuka mto Mhoja alinifungia Baba mgongoni kwa shuka, na nikasimama naye bila kushikwa. Wazee walinitazama, Makongoro akatikisa kichwa kwamba sawa. Shangazi, nilikuwa tayari. Mgongo ulimjua. Kushoto alikolemea nilimpokea kama kitu nilichokizoea siku zote. Alikuwa mwepesi kuliko mchanga, na hilo ndilo lililonitisha. Mkono wake wa kulia ulinishika kifuani, na akitaka niende upande huu au ule ananibonyeza kidogo. Akasema sikioni, polepole, "Mwenzangu, kanyaga kisigino kwanza." Nikajibu, "Sawa, mwenzangu." Nilijisikia fahari mpaka macho yakaniuma. Tulikwenda hivyo jua likapanda, mimi katikati ya wanaume, sikuachwa nyuma hata hatua moja.

Kulikuwa na korongo dogo lenye mawe. Nikateleza. Sikuanguka, goti tu liligusa chini, lakini nilihisi anateremka kushoto, shuka imelegea, na mdomo wangu ukatoa wenyewe: "Baba, shika!"

Wote wakasimama. Makongoro akageuka akaniuliza, "Umemwita nani?" Mhoja akasema, "Ameteleza tu, mzee, hakukusudia." Makongoro akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira hata kidogo, "Tulisema huku hakuna baba. Sasa amekuja baba. Mshushe palepale." Nikamshusha. Wao wakaendelea, nyumbu hawangoji.

Tulikaa pale mimi na yeye. Nilikuwa nalia, Shangazi, mtu mzima na kibali mfukoni. Baba akaanza kucheka, ule upande wa uso unaocheka. Akasema, "Nilidhani utaniita mapema zaidi." Kisha tukasikia nyumbu wanapita mbali, mngurumo unatoka ardhini, na bunduki mara moja. Aliniambia nimgeuze asikilize vizuri. Nikamgeuza kwa kumburuta, maana kumwinua sikuruhusiwa tena. Nzi walitujaa. Alijikojolea, nikavua shati langu nikamfunika. Alinisimulia habari za mama yangu ambazo sijawahi kuzisikia. Hizo sikuandikii.

Waliporudi na nyumbu, Mhoja alimbeba Baba. Mimi nilipewa paja. Nilitembea nyuma yao nikimwona Baba anavyolemea mgongoni mwa mtu mwingine, na Mhoja hakujua kuinua lile bega la kushoto, nami sikuweza kumwambia.

Ndiyo maana sikuaga.

Mwanao,
Werema


Mugeta
6 Septemba 1987

Mwanangu Werema,

Marahaba, baba. Barua yako niliisoma peke yangu nyuma ya ghala. Usijilaumu. Goti likigusa jiwe hata mchungaji husahau zaburi. Huku jua ni kali, mtama tumevuna wa kutosha. Watoto wabusu.

Mhoja ameondoka. Kuna dhahabu imeanza tena kuchimbwa huko Buhemba, na siku hizi hakuna anayewafukuza, vijana wote wamekwenda na masururu. Sikuweza kumzuia, ana miaka thelathini, anataka mahari yake. Anasema atarudi Krismasi. Wanaokwenda dhahabu wote wanasema Krismasi.

Majirani walikuja kumbeba kaka siku ya kwanza na ya pili. Ya tatu kila mtu ana shamba lake. Naye hapendi kubebwa na watu wa kuitwa, anakaza mwili mpaka wanaogopa kumvunja. Sasa namlaza juu ya ngozi ya ng'ombe, namburuta mpaka mlangoni aote jua. Likimshinda namburuta kurudi. Nyonga yangu imeanza kulia. Yeye anatazama juu kwenye nyasi za paa mpaka tufike. Nikimwuliza anataka nini anasema hataki kitu.

Sikuandikii ili uje. Najua una kazi, na najua mwiko. Nakuandikia kwa sababu nimechoka, na huku hakuna wa kumwambia.

Shangazi yako,
Bhoke


Mwisenge, Musoma
13 Septemba 1987

Shangazi,

Shikamoo. Kazi sina. Likizo niliyowaambia Julai haikuwa likizo. Walipomaliza kuhesabu, mimi nilikuwa miongoni mwa waliozidi. Nilikaa nalo kimya kama wewe ulivyokaa na lako. Dorkas anatulisha kwa mitumba, na jana yeye mwenyewe ndiye aliyenifungia mkoba.

Nakuja Jumamosi, nami sina siku ya kurudi. Usimburute tena kwenye hiyo ngozi. Nitamwinua mimi, nimpeleke uani, na chooni, na popote atakapo. Wala sitamwita mwenzangu. Nyumbani si porini, siwezi kumdanganya mtu kwenye mlango wake mwenyewe. Nitambeba na nitamwita Baba.

Ninaogopa. Mwiko umenikaa kichwani usiku na mchana, na kama mwaka hautaisha nitakuwa mimi niliyeukata. Kwa hiyo msomee barua hii yote, uamuzi uwe wake. Akisema nisimguse, nitakuja hata hivyo, nitaburuta ngozi badala yako.

Barua hii anakuletea Thadeo mkononi. Anajibiwa hapohapo.

Werema


Mugeta
17 Septemba 1987

Mwanangu,

Thadeo amewasha gari, naandika nimesimama.

Nimemsomea. Habari ya mwiko nilitaka kuiruka, akanifahamu, akasema soma yote. Makongoro alikuwa amekuja kumwamkia, akasikia naye, akainuka akasema, "Keraryo, mwaka hautaisha." Kaka akamwuliza, "Umebaki mwingi?" Makongoro akakaa tena.

Ukija leta sabuni ya kufulia, na chumvi. Kitanda chako nimekisogeza karibu na chake.

Nilipomaliza kusoma kaka akasema, na maneno yalitoka yamenyooka kuliko siku zote tangu Januari: "Mwambie aje. Nimechoka kuwa mwenzake."

Bhoke